Alhamisi Tupu ya Nyapara

Asubuhi ile niliondoka Ruiru bila mpango wowote. Nilikunja blanketi, nikatia ndani yake sufuria na shati la pili, nikafunga kwa kamba ya katani, nikashika barabara ya kuelekea Thika kwa sababu jua lilikuwa linatokea upande huo. Nilikuwa nimechonga mawe kwa miezi minne, na miezi minne mahali pamoja kwangu ilikuwa mingi. Shule niliiacha darasa la tano. Mwalimu alimwambia baba kwamba akili ninazo, ila sina matako ya kukalia dawati. Alisema kweli. Nilitaka kujua kila kitu, lakini nikiwa nimesimama.

Maili chache mbele niliwakuta wanawake wakitandaza nyasi kavu chini ya miti ya kahawa. Wawili walinisalimu nikapita bila kuitikia vizuri. Si kwa kiburi. Kila nikiona nyasi imetandazwa chini ya kahawa namkumbuka mtu mmoja, na kila nikimkumbuka miguu yangu inaongeza mwendo. Niliwahi kumdanganya mtu huyo kwa maneno sita, nikaondoka bila kumwambia ukweli. Tangu hapo nimehama mara saba, na kila mahali maneno yale yamefika kabla yangu.

Alikuwa nyapara wetu katika shamba moja la kahawa nje ya Ruiru, miaka ile ya Hali ya Hatari. Tulimwita Nyapara, naye akaitika, na sikumbuki mtu yeyote akimwita vinginevyo. Alikuwa mrefu, mgongo umeinama kidogo kama wa mtu anayepita mlangoni. Alivaa koti zito la jeshi lililobaki na kifungo kimoja, mvua au jua. Watu walisema alifika nalo vitani Burma. Yeye alipoulizwa alisema koti ndilo lililofika, ukitaka habari uliulize.

Kwa saa alikuwa mkali kupita mzungu. Alfajiri aligonga kipande cha reli kilichotundikwa kwenye mti mbele ya ghala, mara kumi na mbili, na aliyefika baada ya pigo la kumi na mbili alirudi kwenye laini, yaani zile nyumba zetu za mabati, na siku yake haikutiwa alama kwenye tikiti. Tikiti ilikuwa ya siku thelathini za kazi. Siku isiyo na alama ni siku ambayo hukuishi. Niliwahi kuona mtu mzima akimpigia magoti, naye akiendelea kuhesabu madebe kana kwamba aliyepiga magoti ni kisiki. Alikuwa na fimbo pia, lakini hiyo sikuiona ikimgusa mtu. Aliitumia kupimia kina cha kahawa kwenye tangi la kuoshea.

Mtu huyu mkali hivyo ndiye aliyekuwa akiiba nusu siku kila wiki na kuigawa.

Nitaeleza jinsi alivyofanya, maana ilinichukua miezi kuielewa. Kila Jumamosi baada ya posho alichuchumaa mbele ya ubao. Ubao wenyewe ulikuwa mbao za sanduku zilizopigwa misumari pamoja na kupakwa weusi wa betri zilizokufa. Alipanga wiki kwanza chini, kwa vijiwe. Wengine wangeanza na miti iliyo karibu na kiwanda. Yeye alianza na ya mbali, Jumatatu, watu wakiwa wametoka kupumzika na miguu bado ni yao. Jumanne alisogea. Jumatano alikuwa katikati ya shamba, na Alhamisi asubuhi alichuma ile iliyo mlangoni, ambapo debe halikai kichwani hata dakika tano. Ikifika saa sita mchana wa Alhamisi, kazi ya siku nne ilikuwa imekwisha kwa siku tatu na nusu, na magunia ya Ijumaa yalikuwa yanasubiri lori tu. Alhamisi mchana ilibaki tupu. Kwenye ubao palikuwa na mraba usio na neno.

Siku ya kwanza nilipouona nilidhani amesahau. Nikamwambia. Akanipeleka ghalani, akanisimamisha mbele ya gunia la kahawa lililokuwa linashonwa.

"Limejaa?"

Nikasema limejaa.

"Halijajaa. Angalia hapa juu. Ukilijaza mpaka mwisho, utashona wapi? Litapasuka kabla ya stesheni, na kahawa yote itakuwa ya kuku."

Hakuwa mtu wa kufafanua. Lakini tangu siku hiyo nilianza kuangalia nini kinaingia katika nafasi ile, na nikaona haikosi mgeni. Mara mvua inakuja ghafla kutoka upande wa milima na watu wote wanakimbilia meza za kuanikia. Mara mkanda wa mashine ya kukoboa unakatika, na fundi wa mashine anapata nusu siku ya kuushona bila kutukanwa. Mwanamke alijifungua katikati ya mistari ya kahawa siku ya Jumatatu. Alhamisi wanaume sita wakapewa kumjengea jiko. Kuna mzee mmoja alikufa kwa homa na hakuna aliyejua kwao ni wapi. Tulimchimbia kaburi Alhamisi, bila haraka, na Nyapara alikataza tusilichimbe fupi. Alisema mtu aliyefanya kazi amesimama miaka yote hiyo asikunjwe magoti wakati wa kulala.

Ikitokea Alhamisi ambayo haikuleta jambo, hakuturuhusu kwenda kulala wala kuzurura. Alituweka karibu, tunafua, tunanoa majembe, naye alikaa kwenye gogo, mikono juu ya magoti, akitazama barabara. Nikamuuliza anafanya nini.

"Nangoja."

"Unangoja nani, mzee?"

"Sijui. Kama ningejua ningemwandika ubaoni."

Jumapili hakwenda kanisani, ingawa aliimba nyimbo za kanisa akiosha uso. Alisema Jumapili ina mwenyewe, Jumamosi ni ya posho, na siku nyingine ni za Bwana wa shamba. Alhamisi mchana tu ndiyo haina baba.

Wakati huo wanaume wengi wa Kikuyu walikuwa wamechukuliwa kizuizini, laini zimejaa sisi tuliotoka magharibi. Wake zao na mama zao walikuja kuchuma kutoka kijiji kilichozungushiwa ua wa miti na handaki, wakisindikizwa asubuhi, na kurudishwa kabla ya kafyu. Miongoni mwao kulikuwa na bibi mmoja tuliyemwita Cucu, kama wajukuu zake walivyomwita. Mjukuu wake alikuwa amelazwa Thika, naye hakuweza kwenda bila pasi, kile kibali cha kutoka kijijini, na pasi ilitolewa kwa foleni ya saa nyingi. Alhamisi moja Nyapara alivaa koti lake, akafunga kile kifungo kimoja, akaenda kusimama naye kwenye foleni. Karani wa pasi alipoliona koti hakuuliza maswali mengi. Wiki iliyofuata Cucu alimletea nduma tatu katika kikapu.

"Sikufanya kazi ya nduma," Nyapara akasema.

"Ngai! Wewe ni mtu wa aina gani? Ukikataa chakula cha mwanamke mzee, huyo mzee ataenda kufa akikufikiria."

Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alizipokea, na nilimwona akizila zote tatu papo hapo, bila kumwonjesha mtu. Kwa nusu siku zake alikuwa mkarimu, kwa chakula alikuwa mchoyo. Chumvi yake aliifunga kwa fundo ambalo yeye peke yake alijua kulifungua.

Kitu kimoja cha kula hakukila. Mke wake, aliyekuwa huko kwao akilima, alimtumia muhogo mkavu kila baada ya mavuno, kwa mkono wa watu wa reli. Aliupika wote ila kipande kimoja. Hicho alikichonga kwa kisu kikawa kama kidole, akakitumia kuandikia ubao badala ya chaki. Kiliandika vizuri, kwa weupe wa kufifia. Alipoanza kuona vibaya, alinipa mimi kazi ya kuandika, kwa kuwa nilikuwa na darasa tano na mwandiko ulionyooka. Alinikabidhi kile kipande cha muhogo kwa mikono miwili.

Alikuwa hajamwona mke wake kwa miaka mitatu. Nauli haikuwa tatizo. Kila likizo yake ilipokaribia alikuwapo mtu wa kuihitaji zaidi, akampa. Fundi wa mashine, aliyekuwa na ulimi wa kukata, ndiye peke yake aliyethubutu kumtania.

"Mzee, unagawa siku kama padri anavyogawa mkate. Mwenyewe unalala na njaa. Yule mama atakuja hapa siku moja na mwiko."

"Akija, ataikuta Alhamisi yangu," Nyapara akajibu. Tukacheka. Yeye pia alicheka, kidogo, akitazama pembeni.

Sasa nifike pale ambapo sikupenda kufika.

Jumamosi moja, katikati ya msimu, karani wa ofisini alipita ghalani kuchukua hesabu ya magunia. Alikuwa kijana wa rika langu, amemaliza darasa la nane, na viatu vyake vilikuwa vinang'aa. Alisimama mbele ya ubao, akasoma mwandiko wangu, akatabasamu. Akasema ratiba ya watu wasiosoma huwa na mashimo. Akaenda zake.

Nilibaki na ule mraba. Nyapara alikuwa amekwenda kugawa posho. Niliutazama, na ghafla haukuwa Alhamisi ya watu. Ulikuwa darasa la sita, la saba na la nane ambayo sikuyasoma. Nikachukua kipande cha muhogo nikaandika ndani yake kazi ya kipande cha saba cha shamba, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote: *Kutandaza nyasi, namba saba.* Ubao ukajaa. Ulionekana kama ubao wa shule. Nilirudi nyuma hatua mbili kuutazama.

Jumatatu alfajiri, watu wote wakiwa wamekusanyika, Nyapara aliusogelea ubao na taa. Alisoma polepole, kidole kikifuata herufi. Kilipofika Alhamisi kikasimama.

"Hii ni nini?"

Watu arobaini walikuwa nyuma yangu, na wote wakaelewa kabla yangu nilichokuwa nimekifanya. Nilimsikia fundi wa mashine akivuta pumzi.

"Bwana alipita juzi, akasema iandikwe kazi."

Hayo ndiyo maneno sita. Hata sikuyatafuta. Yalikuja yenyewe, yamepangana.

Bwana hakuwa amepita. Bwana alikuwa hajakanyaga ghala lile tangu mvua za mwanzo wa mwaka, na sidhani kama alijua kuna ubao. Nyapara aliutazama ule mraba muda mrefu kidogo. Kisha akasema, "Basi," akaenda kugonga reli.

Jumatano jioni, jua bado lipo, mpagazi wa stesheni ya Ruiru alikuja kwa baiskeli. Tulikuwa tunaosha kahawa. Alimwambia Nyapara kwamba mke wake ameletwa na kaka yake kwa gari moshi, amelazwa hospitali kubwa Nairobi, tumbo limevimba, na anamtaja. Wageni wanaruhusiwa mchana. Kuna gari moshi la mizigo linaloondoka Ruiru kesho saa saba, mlinzi wake ni mtu wa kwao, atampa nafasi. Ijumaa alfajiri atakuwa amerudi.

Kila kitu kilikuwa kimekaa sawa. Ni kama Alhamisi zote alizozingoja kwenye gogo zilikuwa zinaielekea hiyo.

Fundi wa mashine alimshika mkono. "Nenda, mzee. Nyasi tutatandaza sisi."

Nyapara alitikisa kichwa. "Bwana ameona nafasi, ndiyo maana akaijaza. Kesho atakuja kuangalia kama imefanyiwa kazi. Asiponikuta, wiki ijayo mtakuwa na nyapara mwingine, na huyo hatawaachia hata dakika ya kukohoa." Akachovya fimbo tangini. "Nitakwenda Jumamosi baada ya posho. Siku tatu si nyingi."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, mikono ndani ya maji. Nilikuwa na usiku mzima na asubuhi nzima ya kusema. Nilisema pole. Nilimwogopa fundi wa mashine, nikawaogopa wale arobaini, na nikajiambia kwamba siku tatu kweli si nyingi.

Alhamisi saa saba tulikuwa namba saba tukitandaza nyasi. Tulisikia gari moshi likipita. Nyapara hakuinua kichwa. Alitandaza pamoja nasi, kitu ambacho nyapara hafanyi, na mistari yake ilikuwa mizuri, mizito mahali panapotakiwa, bila nyasi kugusa shina. Bwana hakuja. Jua lilizama na Bwana hakuja.

Mke wake alikufa Ijumaa. Nyapara alifika Jumamosi jioni akaonyeshwa kitanda kilichokwisha kulaliwa na mtu mwingine. Walimzika mjini, mbali na mashamba yake ya muhogo, na Jumatatu alfajiri reli ikagongwa mara kumi na mbili kama kawaida. Fundi wa mashine alimwuliza mbona hakupumzika. Akasema, "Nipumzike wapi?"

Baada ya hapo hakuacha tena nafasi. Aliamini Bwana anaangalia. Kila Jumamosi aliniambia niandike kitu Alhamisi mchana, chochote, nami nikaandika, kwa kile kipande cha muhogo kilichozidi kufupika. Mvua iliponyesha Alhamisi kahawa ililowa mezani. Cucu aliacha kuja, na hatukupata siku ya kuuliza habari zake. Watu walimlaani Bwana kwa sauti ya chini, nami nikawasikiliza. Muhogo ulipobaki kama ukucha nikauweka juu ya ubao, nikakusanya vitu vyangu, nikaondoka bila kukamilisha tikiti yangu. Zilikuwa zimebaki siku nne.

Huyo ndiye niliyekuwa nimembeba barabarani siku ile.

Thika niliingia alasiri. Nilikwenda kwanza kutazama maporomoko ya mto Chania, maana nilikuwa nimesikia habari zake miaka mingi, na nilikaa pale chini ya hoteli ya kale ya wazungu hadi askari mmoja aliponiuliza nimepoteza nini. Nikarudi mjini kutafuta pa kulala. Muuza chai wa mtaa wa Majengo aliniuliza mimi ni mtu wa wapi. Nilipomtajia kwetu akasema kuna mzee wa upande huo anayekaa peke yake nyuma ya kinu, chumba chake kina nafasi, na hapendi maneno mengi.

Nililiona koti kabla ya kumwona mtu. Lilikuwa limetundikwa mlangoni, halina kifungo hata kimoja. Yeye alikuwa amekaa juu ya kizingiti, mikono juu ya magoti, akitazama barabara.

"Hodi, mzee."

"Karibu. Nani?"

Macho yalikuwa yamekwisha. Nikasema jina langu. Akasema, "Mwandishi wangu," na uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo sikuwa na haki nayo. Alinikaribisha ndani, akapapasa sufuria, akachemsha chai. Shambani walimwachisha kazi macho yalipokufa. Fundi wa mashine alirudi kwao. Aliniuliza mahali nilipopita, nikamweleza; alikuwa anapenda kusikia habari za mahali. Akaniuliza leo ni siku gani. Nikasema Jumanne.

"Sasa kwangu zote ni sawa," akasema. "Wiki yangu yote sasa ni mdomo wa gunia. Ndani hakuna kitu."

Hapo nikaweka kikombe chini, nikamwambia. Sikupamba. Nilimwambia habari ya karani na viatu vyake, mraba, mwandiko wangu, na kwamba Bwana hakupita. Nilimwambia kwamba Bwana hakuwahi kupita.

Alisikiliza akiwa ameelekeza sikio kwangu, kama alivyokuwa akisikiliza mashine. Nilimaliza. Kuni zilishuka jikoni. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu anayesahihisha hesabu:

"Ungeniambia ni wewe, ningefuta."

Akanyanyua mkono wake wa kulia, akaupitisha hewani mara moja, kutoka kushoto kwenda kulia. Ilimchukua muda mfupi sana. Nikaona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi.

Alisimama, akatoka nje akipapasa ukuta. Nikajua nimefukuzwa, na ilikuwa haki yangu. Nikachukua blanketi langu, nikafunga upya ile kamba ya katani. Nilikuwa nimefika mlangoni aliporudi na gunia tupu begani na mzigo wa nyasi kavu kifuani. Alikaa chini. Akaanza kujaza nyasi ndani ya gunia, konzi kwa konzi, akizisawazisha kwenye pembe, akipima kwa kiganja, mpaka likawa nene kiasi cha mtu kulalia. Palipobaki shubiri moja juu aliacha. Akatoa sindano ya kushonea magunia kwenye ukuta, akanipa pamoja na uzi nimtungie. Ilinichukua mara tatu.

"Shika hapa," akasema.

Nikaweka blanketi chini, nikapiga magoti, nikaishika ile sehemu tupu kwa mikono miwili, naye akaanza kushona.